Mama ana kisukari, presha na magoti: je, tujaribu homeopathi?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mama yangu ana miaka 61, tunaishi Tanga. Ana kisukari cha aina ya pili mwaka wa 8 sasa, ana presha, na magoti yanamsumbua, hasa asubuhi na akipanda ngazi. Anatumia metformini ya kisukari miligramu 1000 asubuhi na jioni, amlodipini ya presha miligramu 10, na diklofenaki tunayomnunulia duka la dawa maumivu yakizidi. Shangazi wa Dar es Salaam amempeleka kwa tabibu wa homeopathi aliyekaa naye saa nzima na nusu. Amempa chupa 3: Rhus tox 30, Syzygium jambolanum Q na Rauwolfia serpentina Q. Amemwambia baada ya miezi 3 ataanza kupunguza dawa za hospitali kwa sababu zinaharibu figo. Mama amefurahi, anasema hajawahi kusikilizwa vile. Je, inafaa kujaribu? Sitaki kumvunja moyo.

Jibu: Dada yangu, pole kwa kuuguza, na ahsante kwa kunakili majina yaliyo kwenye chupa. Wengi huandika "dawa za homeopathi" tu, na hapo ni vigumu kumjibu mtu sawasawa, maana chupa hizo 3 za mama hazifanani hata kidogo.

Nianze na la haraka. Rauwolfia serpentina Q mama aiweke pembeni leo, mpaka daktari anayemtibu presha aione. Apimwe presha leo au kesho, akiwa amekaa, kisha tena baada ya kusimama dakika 1 hadi 3. Metformini na amlodipini ziendelee kama zilivyo, bila kurukwa hata siku moja. Syzygium nayo isubiri. Rhus tox 30 haitamdhuru. Akitaka kuinyonya, anyonye. Ama swali lako lenyewe: kwa kisukari na presha, homeopathi haifai kutegemewa kama tiba, na hakuna kidonge cha hospitali kinachopaswa kupunguzwa kwa ajili yake. Kwa magoti jibu ni refu kidogo, na humo ndimo lilimo jambo ambalo mama amelihisi kweli.

Kilichomo ndani ya chupa

Watu wengi huichukulia homeopathi kuwa ni mitishamba. Sivyo. Ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann (1755–1843). Mwaka 1790 alikunywa gome la mkwinini, lile lile linalotoa kwinini, akahisi dalili zilizomkumbusha homa ya vipindi. Akahitimisha kwamba kitu kinachomletea mtu mzima wa afya dalili fulani kinaweza kumwondolea mgonjwa dalili hizo hizo. Leo inajulikana kwamba kwinini hutibu malaria kwa kuua vimelea waliomo ndani ya seli nyekundu za damu, wala kufanana na homa hakuhusiki. Lakini kanuni ilikuwa imeshazaliwa, na mwaka 1810 aliieleza katika kitabu chake kikuu. Ndiyo maana mama amepewa Rhus tox kwa magoti: ni mmea wa Amerika Kaskazini ambao utomvu wake huwasha ngozi na kutoa malengelenge, na katika mafundisho ya homeopathi hutolewa kwa viungo vinavyokaza mtu akipumzika na kulainika akishatembea.

Kanuni ya pili ndiyo inayoamua kila kitu: kuzimua. Tone 1 la dawa hutiwa katika matone 99 ya maji na spiriti, chombo kikatikiswa kwa kugongwagongwa. Hiyo ni 1C. Tone 1 la mchanganyiko huo hutiwa katika matone mengine 99, ikawa 2C, na kuendelea. Kwenye lebo utaona C au CH, na chupa nyingi za kutoka India huandika namba peke yake, kama hiyo 30 ya mama. Herufi X au D ina maana kila hatua imezimuliwa mara 10 badala ya 100. Kwa hiyo 6X ni sehemu 1 katika milioni 1, na 6C ni sehemu 1 katika trilioni 1. Ukifika 12C umeshavuka mpaka ambao kemia inaujua tangu zamani: uwezekano wa kubakia hata molekuli 1 ya mmea wa mwanzo unakuwa mdogo. Kwenye 30C kiasi cha mwanzo kimegawanywa kwa 1 yenye sufuri 60 nyuma yake. Mtu anayetaka uhakika wa kumeza molekuli 1 ya Rhus tox kwa namna hiyo angehitaji maji yenye uzito wa dunia yetu mara mabilioni. Matone hayo hunyunyiziwa juu ya vidonge vidogo vya sukari, spiriti hukauka, na kinachobaki ni sukari.

Hapo wengi huuliza kama sukari hiyo itampandishia mama kisukari. Hapana. Vidonge 4 mara 3 kwa siku kwa kawaida havifiki gramu 2 za sukari, chini ya nusu kijiko cha chai. Tatizo la chupa hii halipo kwenye sukari.

Sasa herufi Q. Hiyo ni tinki mama, yaani mmea ulioloweshwa kwenye spiriti kabla ya kuzimuliwa. Ndani yake mmea upo, na kemikali za mmea zipo. Kwa hiyo chupa 2 kati ya 3 za mama ni dawa za mmea zenye lebo ya homeopathi, na maneno ya kwamba homeopathi haina madhara kwa kuwa imezimuliwa mno hayazihusu. Rauwolfia serpentina ina riserpini, kemikali iliyotolewa kwenye mizizi ya mmea huo mwaka 1952 na kutumika hospitalini kushusha presha kwa miaka mingi. Inashusha kweli. Pia huziba pua, hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, huleta usingizi mzito, huweza kuchochea vidonda vya tumbo, na kwa baadhi ya watu huleta huzuni nzito. Hospitali nyingi ziliachana nayo zilipopata dawa zenye maudhi machache. Mama tayari yuko kwenye amlodipini miligramu 10, ambacho ndicho kiwango cha juu cha kawaida. Ukiongeza matone yenye riserpini ambayo kiasi chake hakijaandikwa popote, presha inaweza kushuka ghafla akiamka usiku kwenda msalani, akaanguka na kuvunjika nyonga. Tena ikiwa presha itasoma vizuri kwa wiki chache, mtu atasema homeopathi imeiponya na amlodipini iachwe, na mama abaki na dawa ya zamani isiyopimika mkononi.

Syzygium jambolanum ni zambarau, hizi hizi za Tanga. Kokwa zake zimetumika kwa kisukari India na kwetu pwani kwa muda mrefu. Katika wanyama wa maabara zimeonyesha kushusha sukari, lakini kwa binadamu ushahidi ni dhaifu. Majaribio ya Brazili ya chai ya majani ya mzambarau hayakuonyesha kushusha sukari. Kwa anayetumia metformini peke yake hatari ya sukari kushuka mno ni ndogo. Kwa anayetumia glibenklamidi au insulini, kuongeza kitu kinachodaiwa kushusha sukari bila kupima ni kucheza na uhai. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: tinki mama mara nyingi ina spiriti kuzidi asilimia 40. Matone 10 ni kidogo, lakini kama mama ni Mwislamu ana haki ya kulijua hilo kabla hajameza.

Ushahidi unasema nini

Watetezi wa homeopathi wana utafiti wa kuonyesha, na ni haki kuutaja. Mwaka 1997 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 89 ambao ulionekana kuipendelea. Miaka miwili baadaye watafiti hao hao walirudia kuchambua na kueleza kwamba kadiri jaribio lilivyofanywa kwa umakini zaidi ndivyo faida ilivyopungua. Mwaka 2005 jarida hilo hilo likachapisha ulinganisho wa majaribio 110 ya homeopathi na 110 ya dawa za kawaida. Majaribio makubwa na yenye ubora yalipotazamwa peke yake, homeopathi ilibaki na nguvu ile ile ya kidonge kitupu kisicho na dawa, nazo dawa za kawaida zikabaki na faida yake. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilipitia tafiti 176 juu ya hali 61 za ugonjwa, na halikupata hata hali moja ambayo kuna ushahidi wa kuaminika kwamba homeopathi inaitibu. Uingereza ilishauri madaktari wake wa serikali waache kuiandika mwaka 2017. Ufaransa, ambako karibu kila duka la dawa huiuza, iliacha kabisa kuilipia kwenye bima ya taifa kuanzia tarehe 1 Januari 2021.

India imekwenda njia nyingine: ina vyuo, hospitali na wizara inayoisimamia pamoja na tiba za jadi. Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na watoa huduma wa namna hii wanatakiwa kusajiliwa. Mwulizeni tabibu cheti chake. Ila usajili unakuhakikishia kwamba mtu anajulikana na anaweza kuwajibishwa. Haukuhakikishii kwamba matone yake yanashusha sukari.

Utafiti ninaotaka uusome taratibu ni wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011. Ulihusu watu 83 wenye baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili kushambulia viungo. Wote waliendelea na dawa zao za hospitali. Baadhi walikaa na tabibu wa homeopathi kwa mazungumzo marefu, wengine hawakukaa naye. Katika kila upande wapo waliopewa dawa halisi za homeopathi na waliopewa vidonge vitupu vinavyofanana navyo, bila wao kujua wana kipi. Walifuatiliwa wiki 24. Waliokaa na tabibu walipata nafuu kuliko wasiokaa naye. Lakini aliyenyonya dawa halisi na aliyenyonya kidonge kitupu hawakutofautiana. Nafuu ilitoka kwenye mazungumzo.

Kwa hiyo mama hajidanganyi anapokwambia kuna kitu amepata. Saa nzima na nusu ya kuulizwa analala vipi, anaogopa nini, maumivu yanaanza wapi na yanaishia wapi: hiyo inapunguza maumivu na wasiwasi, na hospitali zetu zenye foleni ya watu 80 kwa daktari mmoja zinashindwa kuitoa. Ongeza kwamba magonjwa ya muda mrefu hupanda na kushuka yenyewe. Mtu humtafuta tabibu mpya wakati hali imekuwa mbaya zaidi, na baada ya hapo, hata asipofanya lolote, kwa kawaida hurudi kwenye wastani wake. Ongeza pia kwamba matabibu wengi wa homeopathi humkataza mgonjwa soda, maandazi na chai ya sukari. Sukari ikishuka, sifa huenda kwa matone, nazo soda zilizoachwa zinasahaulika.

Kwa nini magoti si sawa na sukari

Maumivu ya goti ni kile mtu anachokihisi. Mama akisema amepata nafuu, basi nafuu ipo, haidhuru imetoka wapi, alimradi haijamgharimu kingine. Sukari na presha haziko hivyo. Sukari ya 14 (kwa kipimo cha mmol/L) huweza kukaa mwilini miezi bila maumivu yoyote huku ikiharibu retina, neva za miguu na figo. Presha ya 170/100 mara nyingi haiumi kabisa mpaka siku ya kiharusi. Mgonjwa wa kisukari anayesema "najisikia vizuri kabisa" hajakwambia chochote kuhusu kisukari chake, na hapo ndipo tiba inayofanya kazi kwa kuleta faraja inapogeuka mtego: faraja inakuja, vidonge vinaachwa, na hakuna kinachopiga kelele. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Babu, ile dawa ya kunywa iliyodaiwa kuponya magonjwa sugu kule Samunge, Loliondo, wapo waliorudi nyumbani wakiamini wamepona na kuacha dawa zao.

Mtego huo una kufuli lake pia. Katika homeopathi hufundishwa kwamba dalili zikizidi mwanzoni ni ishara kwamba dawa imeanza kufanya kazi na mwili unajisafisha. Kwa mgonjwa wa kisukari, kiu, kukojoa sana na kukonda ni sukari inapanda. Mwulizeni tabibu mbele ya mama: "Sukari ikipanda tutafanya nini?" Akijibu kwamba itapanda kwanza halafu itashuka, msirudi tena. Huko Sydney, Australia, mwaka 2002 mtoto wa miezi 9 alifariki kwa maambukizi baada ya ukurutu wake kutibiwa kwa homeopathi badala ya hospitali, na mwaka 2009 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake kwa kuua bila kukusudia; baba mwenyewe alikuwa tabibu wa homeopathi. Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2009, lilionya isitumike kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria, mafua makali na kuhara kwa watoto wachanga.

Zipo dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari ndani ya siku chache, na ningependa kila mwenye mgonjwa wa muda mrefu nyumbani azijue: insulini, dawa za kifafa, atenololi na ndugu zake (dawa za presha na moyo), prednisoloni iliyotumika kwa wiki kadhaa, dawa za kuzuia damu kuganda, ARV, na pampu ya kuzuia pumu. Kwa pumu hasa, jaribio moja la Uingereza la mwaka 2003 liliwaongezea watoto 96 homeopathi juu ya tiba yao ya kawaida, na waliopata dawa halisi hawakuwapita waliopata vidonge vitupu.

Sasa figo, maana hilo ndilo neno lililomtisha mama. Metformini haiharibu figo. Sukari iliyopanda muda mrefu na presha isiyodhibitiwa ndizo zinazoharibu. Metformini hupunguzwa figo zikiwa tayari zimedhoofika (kipimo cha uchujaji kikishuka chini ya 45) na huachwa kikishuka chini ya 30, kwa kuwa dawa hutolewa na figo na ingejazana mwilini. Watu huona mgonjwa wa figo akiachishwa metformini, wakadhani ndiyo iliyomponza. Dawa inayoweza kweli kuharibu figo za mama ni ile mnayomnunulia bila cheti: diklofenaki. Inabana mishipa ya figo, inapandisha presha, inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za presha, inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na inachubua tumbo. Kama kuna dawa ya kupunguza nyumbani kwenu, ni hiyo.

Na jihadharini na chupa ya nne, ambayo mama hajapewa lakini huenda akapewa magoti yakiendelea kuuma. Dawa za maungo zinazouzwa kama za asili zimekutwa mara nyingi na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya steroidi) au diklofenaki zilizochanganywa kwa siri. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo la aina hiyo kuhusu kirutubisho cha maungo kilichouzwa mtandaoni. Alama yake ni nafuu ya ajabu ndani ya siku 2 au 3, hamu kubwa ya kula, uso kujaa, na sukari kupanda bila sababu. Akishaizoea kwa wiki kadhaa, asiikatishe ghafla nyumbani. Apelekwe hospitali na chupa yake, kwa sababu tezi za mwili zinakuwa zimelala na zinahitaji kuamshwa taratibu. Toeni pia taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania.

Mama akisisitiza kujaribu

Usibishane naye juu ya vidonge vya sukari. Mkubaliane masharti, na masharti yaandikwe kwenye daftari kabla ya kuanza: dawa za hospitali hazibadilishwi, hakuna chupa yenye Q, kuna kikomo cha fedha, na kuna tarehe ya mwisho, wiki 12.

Kabla ya siku ya kwanza apime HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3. Apime tena wiki ya 12, si kabla, kwa sababu seli nyekundu za damu huishi kama siku 120 na kipimo cha mapema kitakuwa bado kinasimulia ya nyuma. Kwa wagonjwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Nyumbani apime sukari ya asubuhi kabla ya kula mara 3 kwa wiki. Lengo la kawaida ni kati ya 4.4 na 7.2. Presha ipimwe siku 7 za mwanzo na siku 7 za mwisho, asubuhi kabla ya dawa na jioni: akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjana, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mara 2 kwa kupishana dakika 1, muandike zote. Maumivu ya goti yaandikwe kila usiku kwa namba, 0 hadi 10.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ya nyumbani ni kubadilisha mambo matatu kwa pamoja: matone, chakula na matembezi. Baada ya hapo hakuna anayeweza kujua lipi limesaidia. Mkianza chakula kipya wiki hiyo, matone yasubiri.

Kwa magoti mnaweza kwenda mbali zaidi. Tabibu huwa na vidonge vitupu, ndivyo anavyovinyunyizia matone. Ombeni chupa 2 zinazofanana, moja yenye Rhus tox 30 na nyingine tupu, zikiwa na alama ambayo wewe tu unaijua. Shangazi, asiyejua ipi ni ipi, ampe mama chupa moja wiki 2, kisha nyingine wiki 2, kisha mrudie mara moja zaidi. Mama asijue, na mtoaji asijue. Daftari la maumivu litajibu lenyewe. Mama akubali kwanza. Kumjaribu mzazi bila ridhaa yake si adabu wala si utafiti.

Sukari ya asubuhi ikipita 10 siku 3 mfululizo, aende kliniki. Ikipita 15 na ana kiu kali, anatapika au anazubaa, hospitali siku hiyo hiyo. Ikishuka chini ya 3.9, vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Presha ikifika 180/120, apumzike dakika 5 apimwe tena. Ikibaki hapo pamoja na maumivu ya kifua, macho kuona ukungu, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, msisubiri asubuhi.

Kumpatia mama kile alichokipata kule

Hili ndilo ningeweka fedha na muda juu yake. Kaa na mama jioni moja, umuulize maswali yale yale aliyoulizwa na tabibu, uandike majibu kwenye ukurasa mmoja. Siku ya kliniki mchukue ukurasa huo, dawa zote kwenye mfuko mmoja pamoja na chupa za homeopathi, na daftari la sukari na presha. Mwambieni daktari mwanzoni: "Tuna mambo matatu." Dakika 8 zenye karatasi hufanya kazi ambayo dakika 20 za kukumbukakumbuka haziwezi. Ombeni kipimo cha kreatinini na albumini ya mkojo. Ndivyo vitakavyomtoa mama hofu ya figo kwa namba badala ya maneno. Kama miguu inawaka au ina ganzi, ombeni pia vitamini B12, kwa kuwa metformini ya miaka mingi huipunguza. Miguu ikivimba kwenye vifundo, mjue amlodipini ya miligramu 10 hufanya hivyo mara nyingi, na daktari anaweza kuipunguza na kuongeza dawa nyingine. Tumbo likimsumbua, metformini imezwe katikati ya chakula, au abadilishiwe ile inayoyeyuka polepole.

Magoti kwanza yajulikane ni ugonjwa gani. Kukaza kwa viungo asubuhi kusikozidi nusu saa, kwa umri wake, kwa kawaida ni kusagika kwa viungo. Kukizidi saa 1, na vidole vya mikono vikivimba, huenda ni baridi yabisi ya kinga ya mwili, ambayo inahitaji dawa mahususi mapema kabla viungo havijapinda. Kwa kusagika, dawa ya kwanza ni misuli ya paja. Akae kwenye kiti kigumu, anyooshe mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, ahesabu 5, ashushe taratibu. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Baada ya wiki 2 mnaweza kufunga mfuko wa mchele wa nusu kilo kifundoni. Wiki za kwanza maumivu kidogo ya misuli ni kawaida; goti likivimba, apunguze. Nafuu huonekana wiki ya 6 hadi ya 8, na wengi huacha wiki ya 3. Akiwa mzito, kupunguza kilo 5 hadi 8 husaidia goti na sukari kwa pamoja. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Kwa maumivu, jeli ya diklofenaki ya kupaka mara 3 kwa siku, kwa kuwa kiasi kidogo tu huingia kwenye damu, au parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 6 kwa siku.

Mwisho, ikiwa mama ameshaanza kupunguza dawa kimya kimya, na hilo hutokea sana, muulize kwa upole na uhesabu vidonge vilivyobaki. Asimeze viwili kufidia vilivyorukwa. Kama metformini imeachwa zaidi ya wiki 2, tumbo linaweza kugoma akirudia miligramu 1000 kwa mkupuo. Kliniki kwa kawaida humrudisha kwa miligramu 500 na chakula cha jioni, kisha kuongeza 500 kila wiki. Amlodipini isirudishwe kabla ya kupima presha, hasa kama amekuwa akinywa Rauwolfia, kwa sababu riserpini hubaki ikifanya kazi mwilini siku kadhaa baada ya tone la mwisho. Mwende kliniki wiki hii hii, na chupa zote 3.